Niacheni na hilo jina la bosi

Najua nimekuwa kimya siku nyingi, mpaka wengine mmeanza kusema Leicester imenimeza. Haijanimeza. Nilikuwa napiga hesabu, na leo naziweka hapa zote, kwa sababu kuna maneno yanasemwa huko nyumbani na yamenichosha.

Neno la kwanza ni "bosi". Tangu nilipoacha kazi kiwandani Aprili 2024 nikaanza kazi yangu mwenyewe ya ushauri, kila simu inaanza na bosi. Bosi hujambo? Bosi umetusahau! Neno la pili mdogo wangu alitoka nalo kwenye semina ya ujasiriamali hapo Dar: "Ajira ni utumwa." Sasa anataka kuandika barua ya kuacha kazi ili awe mshauri mwelekezi "kama dada". Hilo siwezi kulinyamazia.

Kwa wasioijua kazi yangu ni hivi. Migahawa midogo na wapishi wa shughuli huniita niwapangie usafi na usalama wa chakula kabla mkaguzi wa halmashauri hajabisha hodi. Huku mkaguzi anatoa alama kuanzia 0 hadi 5, na mgahawa wenye alama 1 wateja wanaukimbia. Kwa hiyo naangalia friji (sheria inataka chakula cha baridi kisizidi nyuzi 8), naangalia chakula cha moto kinachosubiri wateja (kisishuke chini ya nyuzi 63), nafundisha wafanyakazi, naandika daftari la kumbukumbu. Bei yangu ni pauni 300 kwa siku.

Hapo hapo kwenye pauni 300 ndipo uongo wote unapoanzia. Na nakiri, mimi ndiye niliyeitaja kwenye simu, kwa sauti ya kujidai kidogo. Mjomba akazidisha kwa siku 30. Akapata 9,000 kwa mwezi. Habari ikafika Morogoro kabla sijakata simu.

Sasa mjomba, chukua kalamu tuhesabu upya. Mwaka wa kodi wa huku ulianza tarehe 6 Aprili 2024 ukaisha 5 Aprili 2025. Ukitoa Jumamosi, Jumapili na sikukuu, zinabaki siku 254 za kazi. Unajua nimelipwa siku ngapi? 96. Siku 158 zilizobaki sikulala. Nilizunguka mitaani kutafuta wateja, nikaandika mapendekezo ya kazi ambayo mengi hayakujibiwa, nikapiga simu za kudai madeni, na siku 11 niliumwa mafua makali. Kiwandani ukiumwa kuna utaratibu, na mfanyakazi wa muda wote ana haki ya siku 28 za likizo yenye malipo kila mwaka. Mimi nikiugua, siku hiyo thamani yake ni sifuri.

Siku 96 mara 300 ni pauni 28,800. Toa bima ya kazi, mafuta ya gari, simu, kompyuta na kozi moja ya lazima, jumla 3,400. Inabaki 25,400. Hapo serikali inaanza kuhesabu. Pauni 12,570 za kwanza hazikatwi kitu. Kwenye 12,830 zinazobaki, kodi ya mapato ni asilimia 20 na mchango wa bima ya taifa asilimia 6. Jumla 3,335.80. Nikigawanya kilichobaki kwa miezi 12 napata kama pauni 1,840 kwa mwezi. Kiwandani, baada ya makato yote, nilikuwa napeleka nyumbani kama 1,900, na mwajiri ananiwekea pensheni juu yake. Bosi huyo hapo, mnamwona?

Wateja nao wana yao. Kuna mmoja aliniita kwa sababu friji lake lilikuwa halishuki chini ya nyuzi 11. Nilipofungua tu nikaona maboksi yamebanwa hadi kwenye feni ya nyuma, hewa haipiti. Nikamwambia ayatoe. Baada ya saa chache likafika nyuzi 5. Nilipompa ankara akacheka: "Dakika mbili tu, dada, unanilipisha nini?" Nikaona aibu, nikapunguza nusu. Mpaka leo najilaumu. Zile dakika mbili zilinigharimu miaka tisa ya kusimama kwenye baridi ya kiwanda. Na nyie wa nyumbani mnaonipigia mkisema "naomba ushauri tu, dada" halafu ushauri wenyewe ni mpango mzima wa jiko la hoteli, mjue "tu" hiyo ndiyo kazi yangu. Mama nitamsaidia bure mpaka nife. Mwenye hoteli ya vyumba arobaini alipe.

Mwingine alikuwa na migahawa mitatu. Kazi nikamaliza, ankara nikapeleka, akalipa baada ya siku 84. Sheria ya huku ya mwaka 1998 inaniruhusu kumtoza riba ya asilimia 8 juu ya riba ya Benki Kuu kwa kila biashara inayochelewesha malipo. Je, nilimtoza? Sikuthubutu, niliogopa kumpoteza. Haki iliyoandikwa kwenye karatasi haimsaidii mwenye mteja mmoja mkubwa. Tangu hapo sianzi kazi bila nusu ya malipo mkononi, na anayekataa namtakia heri.

Sasa nije kwenye kidonda. Fedha za kodi nilikuwa naziweka kwenye akaunti ya pembeni, na zilifika pauni 3,350. Nilijiona mjanja kweli. Agosti 2025 ikaja harusi ya binamu. Kamati ilikaa, ikaniandikia kadi ya kiwango cha bosi. Nikasema sina. Shemeji akaniuliza, "Kwani akaunti haina kitu kabisa?" Sikuweza kusema uongo. Kitu kilikuwepo, ila hakikuwa changu! Nikaeleza, nikaonekana najifanya Mzungu. Maneno yalipozidi nikachomoa pauni 650 nikatuma. Harusi ilipendeza, picha nimeziona.

Januari ikafika. Kumbe anayejiajiri, kodi yake ikizidi pauni 1,000 na haikukatwa mapema, halipi ya mwaka uliopita peke yake. Analipa pia nusu ya kiasi hicho kama tanguliza ya mwaka unaofuata, na nusu nyingine Julai. Kwa hiyo kufikia tarehe 31 Januari 2026 nilitakiwa kulipa 5,003.70. Kwenye akaunti ya pembeni kulikuwa na 2,700. Harusi peke yake haikuniangusha, nakubali. Niliangushwa zaidi na kutouliza. Lakini ile usiku wa kuamkia tarehe hiyo, nimekaa jikoni na koti kwa sababu nimezima hita kubana matumizi, hakuna aliyenipigia kuniita bosi. Nikaomba kulipa kwa awamu, wakakubali, na riba juu yake. Bado nalipa.

Ndiyo maana namuuliza mwalimu wa semina yako, mdogo wangu: alikuonyesha daftari lake? Alikwambia mwaka wake wa kwanza alilipwa siku ngapi? Wewe unaliita utumwa jambo ambalo kila mwezi linakuwekea NSSF asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri kubeba nusu yake. Siku ukiandika hiyo barua, nusu ya mwajiri inaondoka naye, na yako ni lazima uikumbuke mwenyewe mwezi ambao hujalipwa na mtu. Na anayekwambia uache kazi kwa kawaida ameshapokea kiingilio chako mlangoni.

Sisemi usijiajiri. Mimi mwenyewe sirudi kiwandani. Mwaka wa pili wateja wa kwanza wameleta wenzao, nafanya kazi ninayoipenda, na hakuna anayenipimia dakika za kwenda chooni. Lakini kabla hujaacha kazi, pata wateja wawili wanaokulipa kweli ukiwa bado kazini, jioni na Jumamosi. Weka akiba ya kula miezi sita. Muulize mtu wa kodi kabla hujapokea shilingi ya kwanza, si baada ya mwaka. Na bei yako ya siku usimtajie mjomba.

Nanyi wengine, kadi za michango leteni, sijazikataa. Ila andikeni jina langu kama mlivyonijua, na kiwango kile cha zamani. Nikisema sina, nisadikini.

Nawapenda wote. Mama, nitapiga Jumapili baada ya ibada.