Gari la kidumu si taka, enyi walimu watarajiwa!

Leo hakuna stori ya foleni ya chakula wala ya bumu kuchelewa. Leo nina hoja na nimekuja nayo ya moto, asiyetaka moto akae mbali na jiko.

Hoja yenyewe hii hapa: mwalimu anayemnyang'anya mtoto gari lake la kidumu pale getini, akalitupa jaani, kisha jioni akakaa kuandika barua ya kumuomba mfadhili amletee "zana za michezo", huyo kazi yake haijui. Na sisi tunaosomea ualimu tuko mbioni kuwa kama yeye.

Mtaniuliza haya yametoka wapi. Wiki iliyopita tulikuwa na mawasilisho ya makundi kuhusu zana za kufundishia. Kundi moja likaja na mpango wao wa skuli za maandalizi: wanunue gari ndogo za chuma, waziagize kupitia ndugu zao wa Dubai na Muscat, ziwekwe kwenye kona ya michezo. Wakaturushia picha ukutani za matoleo mapya... Hot Wheels hizi, Matchbox zile, na trekta la Massey Ferguson ambalo hata nati za tairi unazihesabu. Darasa zima waaaaoo! Mie nikanyoosha mkono, nikauliza: kwetu Makangale watoto wanatengeneza gari wenyewe, kwa nini zisianze hizo? Nikajibiwa: "Yakhe, zile si modeli, zile taka." Watu wakacheka mpaka wakapiga meza.

Sawa, tucheke. Lakini mtu mzima hukijua kwanza anachokicheka.

Gari zile za kiwandani mie sizichukii, niseme mapema. Ni kazi ya watu hasa. Madini yenye zinki nyingi yanayeyushwa, yanasukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma, yanapoa, linatoka bodi zima kwa mara moja. Halafu rangi, halafu vioo vya plastiki, halafu matairi, halafu boksi. Kila mwezi dunia inasubiri matoleo mapya. Tomica ya Japani huleta mapya Jumamosi ya tatu ya mwezi, na wapo watu wazima na ndevu zao wanaosubiri siku hiyo kama sisi tunavyosubiri mwezi wa Idi. Wengine wakishanunua hawafungui boksi kabisa, eti litashuka thamani. Gari la kuchezea lisilochezewa! Hilo nawaachia wenyewe.

Sasa hebu tuziulize gari hizi zilianzia wapi. Kule London kulikuwa na kampuni ikiitwa Lesney, iliyoanzishwa 1947. Mmoja wa mafundi wake, Jack Odell, alikuwa na binti anayesoma skuli yenye sharti moja: mtoto haruhusiwi kuja na kitu cha kuchezea ila kiwe kinaingia ndani ya kibiriti. Baba akaenda karakana akamtengenezea bintiye gari dogo la kushindilia barabara, likaingia ndani ya kibiriti. Watoto wengine wakalitaka. Mwaka 1953 biashara ikaanza, ikaitwa Matchbox, yaani kibiriti chenyewe. Namba moja ilikuwa hilo hilo la kushindilia barabara, na namba nne, mwaka 1954, ilikuwa trekta.

Mmeiona hiyo? Jina linalowafanya mpige waaaoo limezaliwa kwenye sharti la skuli. Lakini sharti lile lilisema "njoo nalo, ila liwe dogo". Letu sisi linasema "toa hapa uchafu wako". Skuli moja ilitoa Matchbox, nyingine inatoa jaa. Na aliyesababisha yote yale alikuwa mtoto wa kike, kwa hiyo yule aliyesema gari ni mchezo wa wanaume naye akae chini.

Twende Japani. Hadi mwishoni mwa miaka ya 1960 gari ndogo za chuma walizochezea watoto wa kule zilikuwa zaidi za nje, zenye sura za magari ya Ulaya na Marekani. Kampuni ya Tomy ikasema hapana, mtoto wa Kijapani achezee gari analoliona barabarani kwao. Mwaka 1970 Tomica wakatoa gari sita za mwanzo, zote za Kijapani: Datsun Bluebird, Toyota Crown na nyenzake. Ndiyo maana mpaka leo Tomica wana Hiace, wana lori la Isuzu, wana hata gari la taka na trekta la Yanmar. Hawakuona aibu ya gari la taka! Wao waliheshimu barabara yao.

Na barabara yetu je? Afrika Mashariki imo katika modeli hizo, ila mara nyingi inaingia kama vumbi la mashindano. Volvo ya Joginder Singh iliyoshinda East African Safari 1965 ina modeli yake. Datsun 240Z iliyoshinda 1971 na 1973 ina modeli zake, tena za kila ukubwa. Tunafurahi, ni historia yetu pia. Lakini mtoto wa Makangale hapitiwi na Datsun ya mashindano. Anapitiwa na gari ya abiria ya mbao inayotoka Konde, imebeba watu, magunia, kuku, na baiskeli juu. Hiyo ndiyo anayoijua, na hiyo ndiyo anayoitengeneza.

Kwa msiopajua Makangale: ni kaskazini kabisa mwa Pemba, wilaya ya Micheweni. Ukitoka Konde unaingia ndani ya msitu wa Ngezi, miti imefunga juu huoni jua, ukitokeza upande wa pili ndo kwetu. Duka la gari za kuchezea hakuna. Kwa hiyo mtoto anachukua kidumu cha mafuta ya kula, anakilaza, anakata ubavu mmoja kikawa bodi. Malapa yaliyokatika anayakata miduara minne ya tairi, au sita kama anataka lori kubwa. Kijiti kilichonyooka anakipitisha katikati. Kipande cha tyubu ya baiskeli anakifunga chini ili gari linese. Kamba mbele, safari imeanza. Siku mbili baadaye tairi limelika upande, analigeuza. Hilo toleo jipya. Wiki ijayo kaongeza kioo cha mfuko wa plastiki. Toleo jipya jengine. Hasubiri Jumamosi ya tatu!

Mtaniambia: lakini halina skeli, modeli lazima iwe na skeli. Hapo ndo nilipokuwa nawasubiri.

Skeli ni kiasi gani kitu kimepunguzwa, basi. Hot Wheels nyingi zinasemwa ni 1 kwa 64, maana yake sentimita moja ya gari dogo ni sentimita 64 za gari la kweli. Lakini muulize mkusanyaji yeyote mkweli: Tomica na Matchbox za kawaida hazishiki skeli moja. Basi kubwa linapunguzwa zaidi, gari dogo linapunguzwa kidogo, ili yote yaingie kwenye boksi la ukubwa mmoja. Boksi ndilo linaloamua. Na yule mtoto wetu? Kidumu ndicho kinachoamua. Tofauti iko wapi?

Chukueni kalamu. Kidumu cha lita tano kikilazwa kina urefu wa kama sentimita 28. Lori la mita 7 ni sentimita 700. Gawa 700 kwa 28, unapata 25. Gari la kidumu lina skeli ya 1 kwa 25, hiyo hapo! Sasa pima tairi la malapa, tuseme lina upana wa sentimita 6. Zidisha kwa 25: sentimita 150. Mita moja na nusu! Hilo si tairi la lori, hilo ni tairi la nyuma la trekta kubwa. Mwambie mtoto, "Mwanangu, umelivisha lori matairi ya trekta." Atacheka, kisha atauliza yawe kiasi gani. Tairi la lori la kweli lina kama sentimita 80, gawa kwa 25, tatu nukta mbili. Atachukua wembe akate upya. Wallahi hilo ni somo la skeli, uwiano, kugawanya na duara, kwa pamoja, na hukutumia hata shilingi. Sisi tunawachorea ubaoni ramani ya nchi ambayo hawajaifika, kisha tunashangaa wanafeli hesabu.

Tena kuna jambo linaloniuma zaidi. Nilipokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, skuli sitaitaja, kijana mmoja wa darasa la sita alikuja na kijiko, lile gari la kuchimbia. Mkono wake aliufanya kwa mabomba mawili ya sindano mapya ya duka la dawa, kayaunganisha kwa mpira mwembamba, kajaza maji. Akisukuma bomba hili, mkono unanyanyuka. Mwalimu wa zamu akamchukulia, akakiweka juu ya kabati, na mwisho wa muhula kikaenda jaani. Yule kijana hakulia. Alinyamaza tu, na tangu hapo hakuleta kitu tena. Miaka miwili mitatu ijayo atakaa sekondari akariri kanuni ya Pascal kwa Kiingereza, jinsi mgandamizo unavyosafiri ndani ya kimiminika, na mwalimu atasema watoto wa shamba fizikia hawaiwezi. Alikuwa nayo mkononi! Tukamnyang'anya!

Najua mtakayosema. Bati na waya vinakata. Kweli, basi mfundishe kukunja ukingo na kufunika ncha, hilo nalo ni somo. Na msidhani kiwanda ni kinga ya kila kitu: mwaka 2007 kampuni ya Mattel ilirudisha gari ndogo za chuma kama laki nne na elfu thelathini na sita, za aina moja tu, kwa sababu ya rangi yenye risasi. Lililotoka kwenye boksi zuri nalo hukaguliwa.

Mtasema yanaleta vurugu darasani. Mpira pia unaleta vurugu, na bado kuna saa ya mpira. Weka saa ya gari.

Mtasema huku ni kuusifia umaskini. Hapana, na hapa naomba mnielewe vizuri. Simwambii mtoto abaki na kidumu milele. Wala siwaungi mkono wale wanaoyaona mazuri pale tu yanapouzwa kwa watalii mjini. Mtoto wa Makangale akipata Hot Wheels kutoka kwa mjomba wa Muscat, alhamdulillah, alete, tulipime pamoja na la kidumu. Ninachokataa ni kumfundisha kuwa akili ni kitu kinachokuja ndani ya boksi. Larry Wood, aliyechora gari za Hot Wheels kwa miaka zaidi ya 40, kabla ya kuingia Mattel mwaka 1969 alikuwa akichora magari ya kweli huko Ford. Mkono ni ule ule. Anayejua kulifanya dogo yuko njiani kulifanya kubwa, akipata mwalimu.

Na jambo hili halikuletwa jana. Mpango wa madrasa za maandalizi, ulioanzia Mombasa miaka ya 1980 chini ya Bi Swafiya Said na kuingia Zanzibar mwaka 1990, uliwafundisha walimu wa vijijini kutengeneza zana kwa vifuu, mbegu na makopo ya kwao. Walimu wengi wao walikuwa wanawake wa vijiji hivyo hivyo, hawana digrii. Sisi wenye digrii zinazokuja tunataka boksi la Dubai!

Kwa hiyo naomba mambo matatu kwa kila mwalimu mtarajiwa anayesoma hapa. Moja, ukifika kituoni, gari la mtoto lisinyang'anywe, lipewe rafu karibu na mlango na jina la mwenyewe. Mbili, likichukuliwa kwa sababu za msingi, lirudishwe saa ya kutoka, maana ni mali ya mtu. Tatu, mara moja kwa muhula, wavulana na wasichana wote walete gari, wapime, waandike skeli kwenye karatasi, wabandike. Yakipangwa mezani, hayo ndiyo matoleo mapya ya skuli yako.

Na lile kundi lililonicheka, nawasubiri wiki ijayo na rula yangu. Nyie leteni Hot Wheels, mie naleta kidumu. Tuone nani atafundisha kipindi kizima bila kuishiwa maneno.

Naomba kutoa hoja.