Kamera kwa mpenda picha wa Mpala: betri kwanza, megapikseli baadaye

Kijana wa Mpala anayetafuta kamera yake ya kwanza hukutana na neno moja kila anapofika: megapikseli. Muuzaji wa Kalemie anamtajia 24. Ndugu aliye Lubumbashi anamwambia asikubali chini ya hapo. Rafiki naye anamwonyesha simu yenye 50 na kumcheka. Mwisho kijana anahesabu dola zake, ananunua namba kubwa kuliko zote, na baada ya miezi mitatu kamera iko kabatini. Betri imekufa, chaja haipati umeme, na picha alizopiga zimebaki ndani ya kadi ambayo hakuna anayeweza kuifungua.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Megapikseli ndizo zinazojitembeza kuliko kitu kingine chochote katika biashara ya kamera. Kwa mtu anayeishi kando ya ziwa Tanganyika, mbali na nguzo za umeme, maswali ya kwanza ni mengine. Itawaka kwa siku ngapi? Itaona nini usiku? Na picha zitakaa wapi?

Mpala ilitazamwa na wengine

Kuna watakaosema kamera ni mchezo wa wenye fedha, na kwamba kijiji chenye shida ya dawa na barabara hakina nafasi ya mchezo huo. Historia ya Mpala yenyewe inawajibu.

Mwaka 1883 Émile Storms, afisa wa Ubelgiji, alijenga kituo chake mahali mto Lufuko unapoingia ziwani. Mwaka uliofuata watu wake walimuua Lusinga, chifu wa Watabwa, na kichwa chake kikapelekwa Ubelgiji pamoja na sanamu ya mababu zake. Sanamu hiyo iko katika makumbusho ya Tervuren, na fuvu liko katika taasisi ya sayansi ya viumbe mjini Brussels. Mwaka 1885 kituo kikapita mikononi mwa Mapadri Weupe, na miaka miwili baadaye akafika Kapteni Léopold Joubert kukilinda. Tangu hapo walioandika habari za Mpala, waliochora ramani zake na kuamua kipi kihifadhiwe, walikuwa wengi wao watu waliotoka mbali. Kumbukumbu zao ziko Ulaya, ndani ya masanduku yenye namba. Mjukuu wa mvuvi wa Mpala anayetaka kuona kijiji cha babu yake lazima aombe ruhusa ng'ambo ya bahari.

Mwaka 2022 sanamu ya Storms iliondolewa katika bustani ya umma mjini Brussels, baada ya miaka ya mjadala. Mjadala huo uliwezekana kwa sababu vitu na maandishi vilikuwa vimetunzwa. Aliyetunza ndiye mwenye la kuonyesha. Asiyetunza husimuliwa.

Mkongo mmoja ameonyesha vizuri nguvu ya jambo hili. Sammy Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi mwaka 1978, alichukua picha za zamani za wafanyakazi wa migodi ya Katanga akaziunganisha na picha mpya za viwanda vilivyokufa. Watu walioziona picha hizo Ulaya na Marekani walielewa bila hotuba ndefu. Lakini kazi yake ilihitaji kwanza mtu aliyepiga picha zile za zamani, na mtu aliyezitunza. Picha ambazo mtoto wa Mpala atazihitaji mwaka 2070 ni zile zitakazopigwa sasa, na atakayezipiga ni huyu huyu mpenda picha asiye na diploma.

Na kuna haraka. Maji ya ziwa yamepanda katika miaka hii, na mwaka 2024 yaliingia katika nyumba za Kalemie. Mtu mmoja akisimama mahali pale pale ufukweni kila mwezi, akapiga picha ile ile ya mti ule ule na ukuta ule ule, baada ya miaka mitano atakuwa na ushahidi ambao hakuna ofisi itakayoweza kuukana.

Simu haitoshi?

Kwa wengi simu inatosha, na ni vema kusema hivyo wazi. Kwa picha ya mchana, ya kutuma kwa shangazi aliye Lubumbashi, simu nzuri inashinda kamera mbaya. Asiye na fedha asikope kwa ajili ya kamera. Aanze na simu, ajifunze mwanga wa asubuhi na wa saa kumi na moja jioni, ajifunze kusogea karibu.

Simu inashindwa mahali matatu. Inashindwa gizani, inashindwa kwa kitu kilicho mbali, na inashindwa katika kutunza. Simu huibwa, huanguka majini, huuzwa mtoto anapougua, na picha zote huondoka nayo. Isitoshe, simu ni ya kazi zote: betri inayopiga picha za harusi ndiyo hiyo hiyo inayosubiriwa kwa kutuma na kupokea fedha. Mtu aliyekwisha kuona mipaka hiyo ndiye aliye tayari kwa kamera.

Hesabu ya megapikseli

Hesabu yenyewe ni rahisi. Picha ya kawaida ya albamu, sentimita 10 kwa 15, iliyochapishwa kwa ubora mzuri, inahitaji kama megapikseli 2. Picha kubwa ya kutundika ukutani, sentimita 20 kwa 30, inahitaji kama 8. Canon EOS 350D iliyotoka mwaka 2005 ilikuwa na 8. Maana yake ni kwamba kamera yenye miaka ishirini inaweza kutoa picha ya arusi ya ukutani, na hakuna mgeni atakayeketi sebuleni akatambua umri wake.

Kinachotofautisha kamera hasa ni ukubwa wa kile kibamba cha ndani kinachopokea mwanga. Katika kamera nyingi ndogo za mfukoni kibamba hicho ni kama milimita 6 kwa 4.6. Katika kamera za kawaida za kubadilisha lenzi za Nikon ni kama 23.5 kwa 15.6, yaani eneo kubwa zaidi ya mara kumi. Sahani pana hukinga mvua nyingi kuliko kikombe. Hata kama kikombe kimeandikwa namba kubwa, kinabaki kikombe.

Umeme ndio bei ya kweli

Hapa ndipo mnunuzi wa Mpala anapoachana na mnunuzi wa Brussels au hata wa Kinshasa. Chukua kamera tatu zilizotoka mwaka mmoja, 2018. Kwa kipimo cha watengenezaji wenyewe, Nikon D3500 hupiga picha kama 1,550 kwa betri moja iliyojaa. Canon EOS 2000D hupiga kama 500. Canon EOS M50, ya aina mpya isiyo na kioo ndani, hupiga kama 235.

Sababu inaeleweka. Kamera yenye kioo humwezesha mtu kutazama kupitia lenzi yenyewe, bila kutumia umeme. Ile isiyo na kioo hulazimika kuwasha skrini ndogo muda wote anapotazama. Wauzaji wa dunia nzima leo wanasifu aina mpya, na kwa mtu mwenye soketi ukutani wana haki. Lakini kwa mtu anayechaji kwa paneli ya jua, au anayelipa franka kwa kila chaji kwenye kibanda, kamera ya zamani yenye kioo ni tajiri zaidi. Na kwa kuwa dunia inaikimbia, bei yake imeshuka. Kinachotupwa na wengine hapa ni faida.

Basi kabla ya kulipa, mnunuzi aulize jina la betri. Betri ya Canon iitwayo LP-E10 hutumika katika kamera nyingi za Canon za bei ya chini, na EN-EL14 vilevile katika Nikon. Betri ya aina hiyo huweza kupatikana Lubumbashi au kwa wafanyabiashara wanaovuka kutoka Kigoma. Kamera ya kigeni yenye betri isiyojulikana ni jiwe zuri tu.

Lenzi kwa taa za wavuvi

Mandhari kubwa ya Mpala ni ya usiku. Wavuvi wa ndakala hutoka giza likiingia, taa zao zikitandazwa juu ya maji kama mji ulioelea. Asubuhi na mapema samaki huanikwa. Ndani ya kanisa la misioni mwanga ni hafifu, na ndimo ndoa na komunyo ya kwanza hufanyika. Matanga pia ni ya usiku.

Lenzi inayouzwa pamoja na kamera, ile ya 18-55, ikivutwa hadi mwisho hufungua tundu dogo, f/5.6. Lenzi ndogo ya milimita 50 yenye f/1.8 hupitisha mwanga karibu mara kumi zaidi. Haivuti karibu wala mbali, na mpiga picha lazima atembee kwa miguu yake. Lakini ndiyo lenzi ya bei nafuu kuliko nyingi, na ndiyo inayoona uso wa mama mbele ya mshumaa. Mwenye fedha za kamera mpya moja anunue kamera iliyotumika, lenzi hiyo, betri ya pili na kadi mbili. Atakuwa amenunua macho.

Onyo moja kwa wapenzi wa Nikon: kamera zake ndogo, kama D3100 hadi D3500, hazina mota ya kulenga ndani. Zinahitaji lenzi yenye mota yake yenyewe, kama ile iliyoandikwa AF-S. Lenzi ya zamani iliyoandikwa AF tu itaingia vizuri, muuzaji atatabasamu, na mnunuzi atalenga kwa mkono maisha yake yote.

Kukagua kabla ya kulipa

Kamera iliyotumika isinunuliwe ndani ya mfuko wake. Itolewe nje, kwenye mwanga. Lenzi iangaliwe dhidi ya jua la pembeni: nyuzi nyeupe kama utando wa buibui ni ukungu ulioota ndani, na unyevu wa ziwa utauongeza. Ipigwe picha ya anga tupu kwa f/16, kisha ikuzwe kwenye skrini. Madoa meusi yanayorudi mahali pale pale ni vumbi juu ya kibamba. Vumbi husafishwa, mkwaruzo hausafishwi. Mlango wa betri ufunge, kadi iingie na kutoka, na picha zipigwe ishirini mfululizo.

Baada ya kununua, adui ni mchanga na unyevu. Kopo la plastiki lenye kifuniko kinachobana vizuri linalinda kamera kuliko mfuko mzuri wa kitambaa, hasa ndani ya mtumbwi. Na lenzi isibadilishwe ufukweni upepo unapovuma.

Mali bila daftari

Sehemu inayosahauliwa na wote ni ya mwisho. Picha elfu tano ndani ya kadi moja si kumbukumbu. Kadi hufa bila kuaga. Mpenda picha anayejiheshimu atunze nakala mbili, sehemu mbili tofauti, na kila safari ya Kalemie achapishe chache zilizo bora. Karatasi haihitaji betri.

Tena aandike. Mali bila daftari huisha bila habari, na picha isiyo na jina ni mali iliyokwisha. Nani huyu, mahali gani, siku gani, mwaka gani. Kalamu nyuma ya karatasi inatosha. Picha nyingi za zamani za Kongo zilizo Ulaya zinaonyesha watu wasio na majina, kwa sababu aliyepiga hakuona haja ya kuuliza. Mpiga picha wa Mpala anawajua anaowapiga. Faida hiyo haiuzwi na Canon wala Nikon.

Kuwajua kunaleta pia wajibu. Mzee aombwe ruhusa, mama aliyefiwa aachwe, mtoto asipigwe akiwa katika aibu. Na askari, bandari, kiwanja cha ndege na vizuizi vya barabarani viachwe kabisa pasipo ruhusa. Katika nchi iliyochoshwa na vita kamera hushukiwa haraka, na kunyang'anywa ni rahisi kuliko kurudishiwa.

Familia moja haiwezi daima kulipia haya yote. Kundi la vijana wa parokia, walimu wa shule moja au chama cha wavuvi wanaweza. Kamera moja ya pamoja, yenye daftari la zamu na sanduku la picha zilizochapishwa, ingeifaa Mpala kuliko kamera kumi mpya zilizolala kabatini. Wazee waliosikia habari za Lusinga kutoka kwa mababu zao hawatasubiri modeli ya mwaka ujao.