Mzigo wa Mwenzio

Wazee walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Sisi makarani, ambao kazi yetu ni kuandika habari za mizigo isiyo yetu, yatupasa kuyafikiri maneno hayo kuliko watu wengine.

Hivi karibuni tulikwenda gatini Malindi kupokea makasha ya vitabu na madaftari ya skuli moja ya shamba, yaliyotoka Dar es Salaam. Makasha ya chini yalikuwa yamerowa. Aliyepakia aliweka madebe ya mafuta ya kula juu ya karatasi, na debe moja likapasuka. Tulipotazama hati tukakuta imeandikwa kwamba mali yote imepokewa katika hali njema, na chini yake sahihi ya karani. Hamali wa mwisho, aliyeyashusha makasha kutoka katika lori, akaambiwa atakatwa ujira. Naye hakuwapo mafuta yalipomwagika.

Watu wengi husema kwamba uharibifu wa shehena ni kosa la mahamali. Hatukatai kwamba wako wanaotupa magunia na kuyachoma kwa kulabu. Walakini mtu anayelipwa kwa hesabu ya magunia, naye ahimizwa tangu alfajiri, atajifunza upole kwa nani? Tukumbuke kwamba wachukuzi wa bandari hii ndio walioacha kazi mwezi wa Agosti 1948, hata mwezi uliofuata mgomo ukaenea mjini, kwa sababu ujira haukutosha na maisha yalikuwa ghali. Kumlipisha mnyonge hasara asiyoifanya ni dhuluma, tena hakuponyi gunia hata moja.

Kosa kubwa, kwa maoni yetu, liko katika kalamu. Mzigo hupita mikono mingi: ghala, lori, gati, meli, gati tena, na gari la shamba. Kila mkono ukipokea bila kutazama, kosa husukumwa mbele mpaka limfikie asiyeweza kujitetea. Mfuko wa saruji ukipata maji huwa jiwe. Gunia la karafuu likikaa penye unyevu huota ukungu. Vitu hivyo havisemi vimeharibikia wapi. Ni hati tu iwezayo kusema, na hati husema kile tulichoiandikia.

Wala tusidhani kwamba jambo hili huishia katika hasara ya mali. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander I, iliyotoka Unguja kwenda Pemba, ilizama karibu na Nungwi, imejaa watu na shehena kupita kiasi. Mamia ya ndugu zetu walikufa. Mazoea ya kusema "itafika tu" ni yale yale, yawe juu ya kasha la madaftari au juu ya roho za watu.

Tutajibiwa kwamba meli haingoji, na kwamba gati ni dogo, mji uko mgongoni mwake. Ni kweli. Lakini kuandika maneno matatu, "makasha mawili yamerowa", hakuchukui muda mrefu kuliko kuandika uongo.

Kwa hiyo twawaomba wenzetu mambo manne. Mtu asitie sahihi kabla ya kutazama. Kila kasoro iandikwe pale pale mzigo unapobadili mikono, na anayekabidhi atie sahihi pia. Vizito viwekwe chini, na vya maji vitengwe na karatasi na vyakula. Na hamali asikatwe ujira mpaka hati za nyuma zisomwe zote.

Twapenda neno hili liletwe katika mkutano wa chama chetu. Watoto wa skuli ile watangoja vitabu vingine. Yule hamali naye angoja ujira wake, na haki yake imo katika makaratasi tuyashikayo sisi.