Moto Unaopita Angani Usiku



Je, umewahi kuona moto ukipita angani usiku? Baadhi ya watu wakiuona huogopa. Wengine husema ni nyota imeanguka. Wengine husema ni ishara ya vita au njaa. Mwezi huu tujifunze kuutambua moto huo.

Tangu mwaka 1957 binadamu wamekuwa wakirusha setilaiti kuizunguka dunia. Setilaiti hupelekwa juu kwa roketi. Kazi ikiisha, mabaki yake huweza kukaa huko miaka mingi. Yale yanayozunguka karibu na dunia hushuka kidogo kidogo. Mwishowe huingia katika hewa nzito kwa mwendo wa kilomita 7 au 8 kwa sekunde moja. Hapo hupata joto kali, huwaka na kuvunjika. Sehemu kubwa huteketea, lakini vyuma vigumu huweza kufika chini.

Utatambuaje? Hesabu polepole: moja, mbili, tatu.

Kimondo ni jiwe la angani. Hupita upesi sana. Mara nyingi hutoweka kabla hujafika tatu.

Chuma kinachorudi kutoka angani huenda polepole zaidi. Huweza kuonekana kwa nusu dakika, hata dakika moja na zaidi. Unaweza kumwita jirani, naye akatoka akakiona. Hukata anga kwa ulalo. Huvunjika vipande vingi, na kila kipande huvuta mkia wake wa moto.

Setilaiti ambayo ingali juu huonekana kama nyota inayotembea taratibu. Haina mkia. Ndege ina taa zinazowaka na kuzima, na mara nyingi utasikia mngurumo wake.

Ukiona moto wa namna hii, angalia saa. Kumbuka ulitokea juu ya mti gani na ulipotelea nyuma ya kilima gani. Hesabu vipande. Kisha andika yote kwenye daftari. Sasa unajua kuandika, na maandishi hayasahau.

Je, vyuma hivyo huanguka vijijini? Ndiyo. Tarehe 30 Desemba 2024, pete kubwa ya chuma ilianguka katika kijiji cha Mukuku, Kaunti ya Makueni, nchini Kenya. Upana wake ulikuwa kama mita 2.5, na uzito wake kama kilo 500. Hakuna aliyeumia. Shirika la Anga za Juu la Kenya lilifika, likaichukua pete na kuanza uchunguzi. Lilieleza kwamba, kwa uchunguzi wa mwanzo, pete hiyo ilikuwa kipande cha roketi.

Ukikuta kitu kama hicho, usikiguse. Waondoe watoto na mifugo. Matangi ya roketi huweza kuwa na mabaki ya mafuta yenye sumu. Mwaka 1978 setilaiti ya Urusi ya Kisovyeti, Kosmos 954, ilianguka kaskazini mwa Kanada. Ilikuwa na mtambo wa nyuklia, na vipande vyake vilitoa mionzi ya hatari. Basi mwarifu mwenyekiti wa kijiji au polisi mara moja.

Tena usikiuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Kwa nini? Upo mkataba wa mataifa wa mwaka 1972. Unasema nchi iliyorusha chombo italipa hasara kikiharibu mali au kuumiza watu duniani. Serikali yako ndiyo inayodai. Kanada ilidai, na mwaka 1981 Urusi ya Kisovyeti ilikubali kulipa dola milioni 3 za Kanada. Lakini bila ushahidi utamdai nani? Anayeuza chuma hicho kwa shilingi chache anauza ushahidi wa kijiji kizima.

Maswali ya kujadiliana:
1. Kimondo na chuma kinachorudi kutoka angani hutofautianaje?
2. Chuma kikianguka shambani kwako usiku, utafanya nini kwanza?
3. Kwa nini tusikiuze?