Asumini ya Mama katika Ukuta wa Shianda



Barua ya juma hili imetoka mbali na bahari: Shianda, katika kaunti ya Kakamega, si mbali na Mumias. Dada aliyeiandika ni mzaliwa wa Mombasa aliyeolewa huko. Mama yake, baada ya kumaliza eda, alihamia kwake, na katika mizigo yake alichukua asumini iliyopandwa ndani ya debe. Mama ataka kuipanda chini ya dirisha la chumba chake ipande ukutani. Mume wa dada huyu hakubali. Asema mti utaharibu ukuta, utaleta nyoka, na kwamba nyumba yenyewe, ambayo ni ya udongo iliyopigwa lipu ya saruji, ni mirathi baina yake na nduguye. Mama hakujibu neno, na debe limebaki uani. Dada auliza: amwambie mama aigawe asumini kwa jirani, au amsihi mumewe?

Dada yangu, usimwambie mama aigawe. Kwetu pwani asumini si pambo la ukuta tu. Ndiyo inayotiwa katika kikuba pamoja na mkadi na mrehani, ndiyo inayotandazwa kitandani mwa bibi harusi. Mwanamke aliyeiacha nyumba yake, akawaacha jirani zake na kaburi la mumewe, akasafiri na debe moja la udongo wa kwao, hakubeba mti peke yake. Hilo mumeo hajaambiwa, nami nadhani angeambiwa angelipima jambo hili kwa mizani nyingine.

Hata hivyo, kuhusu ukuta, haki iko kwake. Asumini haina vikono vya kujishikiza wala mizizi ya kunata kama mimea mingine itambaayo. Hurusha matawi marefu yanayohitaji kuegemezwa na kufungwa. Kwa hiyo haitoboi lipu yenyewe. Madhara hutoka kwetu sisi tunaoipanda: misumari tunayopigilia, na maji tunayomwagia shinani kila jioni. Ukuta wa mawe na chokaa wa Mji wa Kale huweza kustahimili hayo miaka mingi. Ukuta wa udongo ukinywa maji chini hulegea, na lipu ya juu huficha ubovu mpaka siku inapobanduka. Tena majani yakigandamana na ukuta, unyevu haukauki, na mchwa hupata njia ya kupandia bila kuonekana.

Dawa yake ni kuitenga asumini na ukuta. Chimbeni shimo dhiraa mbili kutoka ukutani, nje ya mahali panapodondoka maji ya mabati. Simamisheni nguzo mbili imara, mzifunge waya au fito za kukingama, na mti upande hapo. Kamba iwe ya kitambaa au katani, ilegee kidogo, kwani shina hunenepa. Harufu itafika dirishani bila tawi kugusa ukuta. Ua hili hufunguka usiku, na hewa ya usiku yatosha kulibeba.

Mchague pia upande. Pwani jua halina uchache, lakini huko magharibi mvua nyingi hunyesha alasiri, na asubuhi ndiyo huwa na mwanga wa hakika. Basi upande wa mashariki ni bora kuliko wa machweo. Baridi ya Juni na Julai itaichelewesha, isidhaniwe imekufa. Baada ya kila msimu wa maua, ikatwe ncha, kwa sababu maua huja katika machipukizi mapya. Samadi iwe iliyooza vizuri, na isizidi, la sivyo mtavuna majani matupu.

Kuhusu nyoka, hafuati harufu ya ua. Hufuata panya, vyura na kivuli kizito. Shina likiachwa wazi hadi kimo cha goti, pasirundikwe kuni wala matofali, hofu hiyo hupungua sana. (Wanaopendekeza bogenvilia badala yake, kwa kuwa ina rangi, wakumbuke miiba yake karibu na dirisha la watoto. Na ile rangi yenyewe ni ya majani. Ua lake halisi ni lile dogo jeupe la katikati.)

Limebaki la mirathi, nalo si dogo. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, mshirika katika ukuta hapigilii hata kigingi bila ya idhini ya mwenziwe. Na tawi likivuka na kuning'inia katika hewa ya jirani, jirani ana haki ya kutaka liondolewe. Nguzo zikisimama mbali na ukuta, suala la kigingi linaondoka, lakini ikiwa kiwanja nacho hakijagawanywa, idhini ya shemeji yako ingali inahitajika. Aende mumeo kumwomba, wala si wewe, wala si mama. Kumtuma mkwe mzima akaombe ruhusa ya kupanda ua ni kumvunjia heshima.

Mumeo akiona uzito, mkumbushe kwa upole kwamba Waislamu wa Mumias wamefungamana na pwani tangu misafara ya karne ya 19, na kwamba asumini nayo ni mgeni aliyepokewa. Asili yake ni Bara Hindi, na jina lake ni la Kiajemi lililotufikia kwa njia ya Kiarabu.

Msiihamishe wakati wa kiangazi. Ngojeni mvua za Machi zishike. Debe likatwe kwa mkasi wa bati, lisigongwe, ili udongo wa mama utoke mzima pamoja na mizizi. Na kabla ya siku hiyo, kateni vijiti vitatu vya urefu wa shubiri, vilivyokomaa nusu, mvichomeke kivulini katika mchanga wenye unyevu. Mti mkubwa ukikataa, mama atakuwa na mwingine. Na usipokataa, kimoja apelekewe shemeji.