RISALA YA WAVUVI WA DARAKASI KUHUSU NDEGE ZINAZOISHIWA NA MAFUTA JUU YA BAHARI

Kwa wakuu wanaosimamia anga na bahari ya Somalia,



Sisi wavuvi na manahodha wa kisiwa cha Darakasi, pamoja na jamaa zetu wa visiwa vya Koyama, Chovai na Chula na wa mji wa Kismayo, twaileta risala hii kwa heshima. Ndege ikiangukia maji ya pwani, anayetangulia kufika ni mvuvi. Nasi hatujaandaliwa kwa kazi hiyo.

Twawakumbusha tarehe 23 Novemba 1996. Boeing 767 ya Ethiopia ilitoka Addis Ababa kwenda Nairobi ikiwa na watu 175. Watekaji watatu walimtaka rubani Leul Abate awapeleke Australia. Aliwaambia mafuta hayafiki huko, hawakumsadiki. Akashika njia ya pwani kuelekea kusini, wakamlazimisha aingie bahari kuu. Karibu na kisiwa cha Ngazija, Komoro, injini zote mbili zilizimika, na ndege ikavunjika majini mbele ya ufuo wa hoteli ya Galawa. Watu 125 walikufa, akiwamo mpiga picha wa Kenya, Mohamed Amin. Walionusurika ni 50. Wenyeji na wageni wa hoteli ndio waliowakimbilia kwa mashua. Baadhi ya abiria walikuwa wamejaza upepo jaketi za kujiokolea wakiwa bado ndani. Maji yalipoingia, jaketi ziliwazuia kutoka.

MALALAMIKO YETU

Kwanza, maafa haya hutokea hata pasipo mtekaji. Mwaka 1990 ndege ya shirika la Avianca iliishiwa na mafuta karibu na New York baada ya kungoja sana zamu ya kutua, wakafa watu 73. Mwaka 2016 ndege ya LaMia iliyowabeba wachezaji wa timu ya soka ya Chapecoense ilianguka Colombia, wakafa 71: ilikuwa imepangiwa safari inayomaliza tangi.

Pili, baada ya dola kuanguka mwaka 1991, anga ya Somalia ilikaa zaidi ya miaka 30 bila uongozaji kamili wa ndege, hadi Januari 2023. Twashukuru umerejea. Lakini ndege ikianguka, uokoaji ni kazi ya baharini, na huko hatujaona maandalizi.

Tatu, mvuvi anayekwenda kuokoa hutumia petroli yake na kuiacha riziki ya siku. Hana redio ya kuitwa wala blanketi la kumfunika majeruhi.

MADAI YETU

1. Ndege yoyote isiyo na mafuta ya kufika iendako, ya kwenda uwanja wa akiba, na ya ziada, isiruhusiwe kuruka.

2. Rubani anayepungukiwa atangaze dharura mapema na kwa maneno ya wazi, na apewe njia ya kutua mbele ya wengine.

3. Abiria waelezwe kwa Kisomali na Kiswahili kwamba jaketi hujazwa upepo mtu akishatoka mlangoni.

4. Kila kisiwa chenye watu kipewe redio ya baharini, jaketi na vifaa vya huduma ya kwanza, na vijana wetu wafunzwe kuokoa pamoja na manahodha.

5. Mvuvi aliyeokoa arudishiwe gharama zake, na chombo kilichovunjika kilipwe.

Twaomba jibu la maandishi kabla kusi halijafunga bahari, ili mafunzo yaanze mashua zikiwa zimelazwa ufuoni.

Wabillahi tawfiq.

Wavuvi na manahodha wa Darakasi