Chuo cha Wachungaji Si cha Wafadhili

Siku ya mavuno huku Mbulu na Hanang hatuna umaskini. Mahindi, ngano ya Basotu, vitunguu saumu vya Bashay, mbuzi, vyote hufika madhabahuni. Mnadani yai moja tunaliuza mara tatu, na kila mnunuzi hulirudisha. Lakini ikisomwa barua ya chuo cha theolojia, kwamba walimu hawajalipwa na wanafunzi wanakula makande bila mafuta, tunasema: "Wafadhili wapo."

Ni kweli Wanorwei walitufungulia hospitali ya Haydom mwaka 1955. Waliozaliwa mwaka huo leo wana wajukuu, nasi bado tumenyoosha mkono. Harusi tunaichangia kwa kamati na kadi. Mchungaji wa kuifungisha tunataka asomeshwe na mgeni! Nasi wachungaji tuna kosa letu: kuomba bati hatuoni haya, kuombea chuo tunaona haya.

Ipo mitaa inayosubiri Meza ya Bwana wiki nyingi, maana mchungaji ni mmoja na pikipiki ni moja. Mwinjilisti wa kusomeshwa yupo, na chuo kimemkubali. Amekosa ada, na ng'ombe wa usharika wapo zizini.